Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Alama Fiche katika Data ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwasuta ndugu na marafiki wasaliti, lakini inamfaa pia mtafiti wa Kiswahili anayelitafuta neno ng'ombe katika orodha aliyoikusanya kwa jasho lake, na tarakilishi ikamjibu kwamba neno hilo halimo. Neno limo, analiona kwa macho yake mawili. Hata hivyo, tarakilishi haijasema uongo. Kilichohifadhiwa katika faili si umbo linaloonekana kwenye kioo bali ni mfuatano wa nambari, na miongoni mwa nambari hizo imo moja isiyolingana na ile aliyoichapa wakati wa kutafuta.

Makala haya yanajadili alama za aina hiyo: zile zisizoonekana kabisa, na zile zinazoonekana lakini zimevaa sura ya nyingine. Dai kuu ni kwamba tatizo hili, ambalo kwa miaka mingi limeachiwa mafundi wa tarakilishi, kwa hakika ni tatizo la tahajia na la uhakiki wa matini. Kwa hivyo ni wajibu wa mwanaisimu na mhariri wa Kiswahili. Fundi anaweza kuifuta alama. Hawezi kujua iwapo ilistahili kufutwa.

Data na vitenganishi vyake

Orodha za msamiati, istilahi, majibu ya hojaji na hata korpasi nzima huhifadhiwa katika faili za matini ambamo kila mstari ni rekodi moja, na kila rekodi imegawanywa katika safu kwa kitenganishi maalumu: mkato, nuktamkato au tabo. Mathalani:

neno,maana,ngeli
ng'ombe,mnyama anayefugwa,A-WA
mti,mmea wenye shina na matawi,U-I

Mtindo huu unapendwa kwa sababu hauhitaji programu ya bei ghali na unasomeka kwenye tarakilishi yoyote. Sharti lake ni moja: kila mstari uwe na vipande sawa, kama vile ushairi wa arudhi unavyotaka kila mshororo wa tathnia uwe na ukwapi na utao wake. Mhariri akiongeza maelezo yawe "mnyama anayefugwa kwa maziwa, nyama na ngozi", mkato ulio ndani ya maana utahesabiwa kuwa kitenganishi, na mstari huo utakuwa na safu nne badala ya tatu. Dawa ya hitilafu hii inajulikana. Maelezo ya mtindo huu yaliyochapishwa mwezi wa Oktoba 2005 kwa jina la RFC 4180 yanaagiza kwamba kipande chenye mkato kifungwe kwa alama za mtajo maradufu. Tena kosa lenyewe linaonekana, na kosa linaloonekana ni nusu ya kosa.

Wasioonekana

Taabu huanza pale mstari unapokuwa na vipande vyote, kila neno likaonekana sahihi, na bado matokeo yakawa kombo. Alama fiche ni nyingi, lakini zinazowasumbua watafiti mara kwa mara ni za makundi machache, na kila kundi lina dalili yake.

La kwanza ni alama ya mpangilio wa baiti, yenye nambari 65279. Baadhi ya programu huiweka mwanzoni kabisa mwa faili ili kutangaza namna matini yalivyosimbwa. Katika usimbaji wa UTF-8 huchukua baiti tatu na haionekani popote. Dalili yake ni kwamba safu zote husomeka isipokuwa ya kwanza. Programu ikiagizwa kuleta safu ya "neno" hujibu kwamba hakuna safu ya jina hilo, kwa kuwa kwake jina la safu ni ile alama ikifuatwa na "neno".

La pili ni alama za mwisho wa mstari. Katika enzi za mashine za kupokea na kuchapa ujumbe wa simu za maandishi, kuanza mstari mpya kulihitaji miondoko miwili: kurudi ukingoni na kushuka mstari. Miondoko hiyo ilipewa nambari 13 na 10. Windows ilirithi zote mbili. Mifumo ya ukoo wa Unix, Linux ikiwemo, hutumia 10 pekee. Nazo tarakilishi za Macintosh za kabla ya Mac OS X zilitumia 13 pekee. Faili ya Windows inaposomwa na programu inayotarajia 10 pekee, ile 13 hubaki imeng'ang'ania mwisho wa safu ya mwisho. Katika orodha iliyotolewa hapo juu safu hiyo ni ya ngeli. Mtafiti aliyeunganisha faili za wasaidizi wawili, kisha akaomba idadi ya nomino katika kila ngeli, ataona A-WA mara mbili katika jedwali moja, kila moja na hesabu yake. Si kwamba Kiswahili kimezaa ngeli mpya. Ni A-WA moja yenye mkia na nyingine isiyo nao.

La tatu ni nafasi bandia. Nafasi ya kawaida ni nambari 32. Ipo nafasi isiyokatika, nambari 160, inayotumiwa sana katika kurasa za wavuti ili maneno mawili yasitenganishwe mwishoni mwa mstari. Ipo nafasi isiyo na upana wowote, nambari 8203. Kipo pia kistari fiche, nambari 173, kinachoonyesha mahali ambapo neno linaweza kukatwa likifika ukingoni. Mtu anaponakili habari za gazeti kutoka kwenye wavuti na kuzimwaga katika faili yake, wageni hawa huingia pasipo kubisha hodi. Neno kitabu lenye kistari fiche katikati ni neno jingine kabisa kwa tarakilishi. Isitoshe, amri ya TRIM ambayo wengi huitegemea kusafisha lahajedwali za Excel huondoa nafasi za nambari 32 tu. Ile ya 160 huiacha palepale, na mtumiaji hubaki akiamini kwamba amekwisha kufagia.

Ritifaa ipi?

Makundi yaliyotajwa yanawasumbua watu wa lugha zote. Lipo tatizo ambalo kwa Kiswahili lina uzito wa pekee, nalo ni la ritifaa. Kwa lugha nyingi ritifaa ni alama ya uakifishaji. Kwa Kiswahili ritifaa iliyo katika ng' ni sehemu ya herufi, maadamu ng' ni sauti moja, nazali ya kaakaa laini, tofauti na ng ya ngoma. Kuiondoa si kupunguza pambo bali ni kubadilisha fonimu. Kung'oa ni kutoa kitu kilichokita mizizi. Ngoa ni wivu au tamaa.

Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipoichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya usanifishaji mwaka wa 1930, swali la ritifaa ipi itumike halikuwa na maana. Taipureta ilikuwa na ritifaa moja, iliyonyooka, na kila mwandishi aliigonga hiyohiyo. Msimbo wa ASCII, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1963 na wenye nafasi 128, ulikuja kuipa nambari 39. Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1991, iliifungulia milango dunia nzima ya maandishi, na ritifaa zikawa nyingi. Ipo ile iliyonyooka, 39. Ipo iliyopinda, 8217, ambayo programu za kuandikia matini huiweka zenyewe mwandishi anapobonyeza kitufe cha 39. Ipo 700, ambayo Unicode imeiweka katika jamii ya herufi, si ya uakifishaji. Hapo hazijatajwa alama jirani ambazo wachapaji wasio makini huzitumia kwa kufananisha, kama vile 96 na 180.

Kwa hiyo ng'ombe mmoja anaweza kuwa na ngozi tatu au zaidi. Athari zake si za kinadharia. Programu ikipanga maneno kwa kufuata nambari, 39 hutangulia herufi zote na 8217 huzifuata zote. Katika kamusi inayotayarishwa na wasaidizi kadhaa, kila mmoja na tarakilishi yake, baadhi ya maneno ya ng' yatakuja kabla ya ngamia na mengine yatatupwa baada ya ngwe. Msomaji atadhani msamiati umesahauliwa ilhali umepotezwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Faili iliyosimbwa kwa UTF-8 ikifunguliwa kana kwamba imesimbwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, ritifaa iliyopinda hutokea kama alama tatu za ajabu, na neno likawa ngâ€™ombe. Hilo angalau linaonekana na kukera.

Baya zaidi ni lile lisilokera. Programu nyingi sahili za kuhesabu maneno huichukulia ritifaa kuwa mpaka wa neno. Aling'oa hukatwa ikawa "aling" na "oa". Kitenzi cha kung'oa hutoweka katika hesabu, na kitenzi cha kuoa hupata matukio ambayo hayakuwahi kutamkwa na mtu. Ng'ang'ania husambaratika vipande vitatu, na cha mwisho, "ania", kina maana yake kamili katika lugha. Mtafiti anayelinganisha marudio ya vitenzi kwa msingi huo hajakosea kuhesabu. Amehesabu kwa usahihi kitu ambacho si Kiswahili.

Jina la mtu

Suala hili halikomei katika kamusi. Majina ya Wakenya wengi yana ng': Ng'ang'a, Nyong'o, Ong'eng'o. Katika lugha ya SQL inayotumiwa kuendeshea hifadhidata, ritifaa ya 39 ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Programu iliyoandikwa bila uangalifu ikipokea jina la Ng'ang'a huona maandishi yamefungwa baada ya Ng, ikakwama. Suluhisho sahihi limo katika programu yenyewe: jina lipitishwe kama data, lisichanganywe na amri. Suluhisho la mkato ni kumwambia mwenye jina aandike Nganga. Hapo tarakilishi imepewa mamlaka ya kumbatiza mtu upya, naye atabeba vyeti viwili vyenye majina mawili, akitakiwa kuapa kwamba yeye ni yeye.

Mfano ulio wazi zaidi kwa wanafasihi ni jina la marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025). Ũ na ĩ, kila moja, huweza kuhifadhiwa kwa njia mbili: kama herufi moja iliyokamilika, au kama herufi ya kawaida ikifuatwa na alama ya juu inayojitegemea. Kwa njia ya kwanza Ngũgĩ ina alama 5. Kwa njia ya pili ina 7. Kwa macho ni ileile. Ukizidisha njia mbili za ũ, mbili za ĩ na ritifaa tatu za Thiong'o, yapatikana maandishi 12 ya jina moja ambayo tarakilishi huyaona kuwa watu 12. Mwanafunzi anayetafuta maandishi ya mwandishi huyo katika katalogi isiyosawazishwa atapata sehemu tu ya kazi zake, wala hataambiwa kwamba nyingine zimebaki.

Utaratibu wa kusaka

Kusaka alama fiche hakuhitaji shahada ya sayansi ya tarakilishi. Kunahitaji nidhamu ileile anayofunzwa mhakiki wa miswada.

Kwanza, faili asilia isiguswe. Kazi yote ifanywe katika nakala, ili uamuzi mbaya uweze kutenguliwa. Pili, faili isifunguliwe kwa lahajedwali bali kwa kihariri cha matini matupu. Vihariri kama Notepad++ vina amri ya kuonyesha tabo, nafasi na miisho ya mistari, na huonyesha pia aina ya usimbaji. Tatu, zihesabiwe safu za kila mstari. Mistari yenye idadi isiyo ya kawaida iorodheshwe na kusomwa mmoja mmoja.

Nne, na hii ndiyo hatua yenye faida kuu, litengenezwe daftari la alama zote zilizomo katika faili: kila alama, nambari yake na idadi ya matukio yake. Programu fupi ya mistari michache ya Python inatosha. Hapa Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina. Alfabeti yake haina q wala x, haina herufi zenye alama za juu, na maandishi yake yote ya kawaida yanaenea ndani ya nafasi 128 za ASCII. Kwa hiyo alama yoyote yenye nambari inayozidi 127 katika matini ya Kiswahili ni mgeni anayestahili kuulizwa atokako. Wapo wageni halali: jina la Kikuyu, nukuu ya Kiarabu, alama za fonetiki. Waliobaki ni wazamiaji. Wapo pia wachache walio chini ya 127, kama ile 13, ambao daftari litawafichua kwa idadi yao.

Tano, uamuzi ufanywe kwa kila alama, si kwa zote kwa mpigo. Nafasi ya 160 igeuzwe kuwa 32. Isifutwe, kwa maana ikifutwa maneno mawili yatashikana. Kistari fiche na nafasi isiyo na upana zifutwe, zisigeuzwe nafasi. Ritifaa iliyopinda ichunguzwe iwapo iko ndani ya ng', iko katika mkato wa kishairi kama 'mekuja, au inafunga maneno yaliyonukuliwa. Sita, daftari litengenezwe upya baada ya usafishaji, lilinganishwe na la kwanza, na mabadiliko yote yaandikwe.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba kazi ya mwanaisimu ni lugha, si baiti. Hoja hii ingekuwa na mashiko kama uamuzi uliotajwa katika hatua ya tano ungeweza kufanywa na asiyejua lugha. Hauwezi. Wahakiki wa tendi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu wanafahamu kwamba hati ile, kama ilivyotumiwa na wanakili wengi, haikutofautisha daima b na p, wala i na e, na ilimbidi mhakiki aamue kwa kuijua lugha, si kwa kuutazama wino pekee. Kutofautisha ritifaa ya ng' na ritifaa ya kufunga nukuu ni kazi ya jadi hiyohiyo. Kilichobadilika ni karatasi.

Wengine watadai kwamba dawa ni kufuta kila kisicho herufi wala tarakimu. Huo ni mkasi unaokata nguo pamoja na uzi uliolegea. Utaondoa nafasi bandia, naam, lakini utageuza kung'oa kuwa kungoa na Ng'ang'a kuwa Nganga. Wapo pia wanaopendekeza kwa hoja nzito kwamba ritifaa ya ng' iwe 700, kwa sababu ndiyo pekee inayotambuliwa kuwa herufi. Kiisimu wamesema kweli. Kiutendaji, alama hiyo haimo katika kibodi za kawaida, na data ambayo mtumiaji hawezi kuitafuta kwa vidole vyake itabaki kabatini.

Hitimisho

Linalopendekezwa hapa ni makubaliano, kama yale ya waliotangulia, ila kwa chombo cha zama hizi. Katika data inayohifadhiwa, ritifaa ya ng' na ya mkato wa kishairi iwe 39, kila mahali, bila ubaguzi. Maneno yaliyonukuliwa yafungwe kwa alama za mtajo maradufu, ili ile moja ibaki na kazi yake. Ritifaa iliyopinda iachiwe mpiga chapa, anayeweza kuiweka siku ya kuchapisha kwa amri moja. Usimbaji uwe UTF-8, na kila tasnifu inayotegemea korpasi au orodha ya maneno ieleze kwa aya moja data ilisimbwaje, ilisafishwaje na ni alama zipi ziligeuzwa. Nayo kozi ya mbinu za utafiti iwe na saa chache za kumfunza mwanafunzi kulitengeneza lile daftari la alama kabla hajahesabu neno hata moja.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili haviwezi kuilazimisha dunia iandike ritifaa moja. Vinaweza, hata hivyo, kuanza na maandishi yao wenyewe: majarida yao, orodha zao za istilahi, tasnifu za wanachama wao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu una upana wa alama moja. Kiswahili kimepiganiwa kiingie katika bunge, mahakama na vyuo vikuu. Itakuwa aibu kikishindwa kuonekana ndani ya faili kwa sababu walinzi wake walidhani kwamba kulinda lango hilo ni kazi ya mwingine.